Mchezo Kwanza, Tokeni Baadaye

Kisiwani Macaloe, kaskazini mwa Msumbiji, nilikokulia, wavuvi walicheza bao wakingoja maji yajae. Mashimo 32, kete 64, na hakuna aliyelipwa. Wazee walinifundisha kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, kisha mtaji, yaani kucheza na zilizo ubaoni. Kuilinda nyumba, shimo kuu la kila mchezaji, ndiko kulikonisumbua, na kwa sababu hiyohiyo sikuweza kuliacha bao.

Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitutawanya. Mwaka 2020 wengi wetu tulishuka majahazini Paquitequete, mjini Pemba. Huko, kwenye simu za vijana waliokosa kazi, ndiko nilikokutana na michezo ya blokucheni: mali za mchezaji huandikwa katika daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, na ushindi hulipwa kwa tokeni, yaani sarafu za kidijitali.

Uliovuma zaidi ulikuwa Axie Infinity wa Sky Mavis, kampuni ya Vietnam. Mwaka 2021 Wafilipino wengi waliufanya ajira. Tokeni zake za SLP zilimiminwa kila siku, na bei ilitegemea wachezaji wapya waendelee kuingia. Walipopungua, bei ikaporomoka. Februari 2022 kampuni ikaondoa malipo ya SLP kwa anayecheza peke yake dhidi ya kompyuta. Aprili ikatoa Origins, toleo ambalo mtu huanza bila kulipia chochote.

Kwetu wimbi lilifika 2024, kwa michezo ya kugonga picha ya sarafu ndani ya Telegram. Vijana waligonga usiku kucha. Niliwauliza kama wangeendelea bila ahadi ya tokeni, wakasema hapana. Siku ya mgawo wa tokeni walipata kidogo mno, wakaifuta michezo yote. Hapo niliona kilichobadilika tangu Macaloe: kucheza kumegeuka kibarua, na kibarua kisicholipa huachwa.

Sasa mimi na wenzangu tunatengeneza bao la simu. Tumekubaliana kwamba hakuna tokeni itakayoingizwa mpaka mtu asiyejua bao amalize mchezo mmoja, kisha aombe wa pili. Baada ya hapo blokucheni itakuwa na kazi ya maana: kutunza matokeo ya mashindano ili asiwepo wa kuyachezea, na kumwezesha mchezaji kumiliki bao alilolinakshi mwenyewe.

Nanyi mnaotengeneza michezo Maputo, Dar es Salaam na Nairobi, wapeni kwanza mchezo watu msiowaahidi chochote. Wasiporudi kesho yake, rekebisheni mchezo wenyewe, msiongeze tokeni.