Mashine ya Presha Barazani kwa Mama

Ndege ndogo kutoka Unguja hadi Pemba haichukui muda. Ukishaona mikarafuu imefunika vilima, umefika kwenu. Safari yenyewe huanzia hapo, kutoka uwanja wa ndege wa Chake hadi kijijini kwetu, mbele ya Konde, njia ya msitu wa Ngezi. Gari husimama kila penye mtu. Hupanda magunia, hushuka kuku, na kila anayeingia hutoa salamu kisha akaulizwa khabari za nyumbani hadi za mbuzi. Nilikuwa na mabegi mawili. Kubwa la zawadi nililitupa juu ya gari. Dogo nililipakata njia nzima, kwa sababu ndani mlikuwa na mashine ya kupimia presha.

Mimi ni nesi. Diploma nilisoma Unguja, digrii nikaisomea Uingereza, na huu ni mwaka wa sita niko wodi ya moyo, Leicester. Marehemu baba alianguka alfajiri akitoka msikitini, na saa hiyo mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikiangalia moyo wa mzee mwengine kwenye skrini. Presha ya baba ilikuwa ngapi? Hatujui mpaka leo. Tangu alipopasuliwa ngiri, miaka mingi nyuma, hakuna aliyempima tena.

Safari hii nilikuja kwa ajili ya mama.

Daftari lake la kliniki lilionesha mara ya mwisho kwenda ni miezi minane nyuma. Nikamuuliza mbona haendi.

"Kichwa hakiniumi, mwanangu. Kikiniuma nitakwenda."

Ndiyo hila ya presha: haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Mtu hulima, huchuma karafuu, hubeba kuni, na ndani mishipa inachakaa na moyo unanenepa kwa kusukuma kwa nguvu.

Nikataka kumgombeza. Bahati nzuri nilimsindikiza kwanza. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukabadilisha gari, na tulipofika mjini tuliwakuta wazee wenziwe wameshajaa kwenye benchi. Mashine ilikuwa moja. Saa nne ikazima, akatumwa kijana dukani kununua betri. Zamu ya mama ilifika saa saba. Akapimwa hapo hapo, ndiyo kwanza anakaa, huku anaulizwa maswali. Dawa hakuna, akaandikiwa akanunue. Tulirudi nyumbani jua linazama, nauli za watu wawili zimekwenda na siku nzima ya shamba imepotea. Manesi wa pale sikuwaonea lawama. Wawili walikuwa wakihudumia umati. Lakini nilikumbuka namna ninavyowanunia wagonjwa wangu wa Leicester wakikosa miadi. England, mtu wa miaka 40 hadi 74 ambaye hana maradhi hayo huitwa kupimwa kila miaka 5, na kituo chenyewe mara nyingi ni cha kwenda kwa miguu. Mama yangu hakuwa mzembe. Alikuwa amepiga hesabu.

Usiku nikamwomba anioneshe dawa zake. Akaleta mkebe wa biskuti. Mlikuwa na boksi la duka la dawa la mjini na jengine alilotuma mjomba kutoka Maskati. Majina ya juu yalikuwa tofauti, nikasoma maandishi madogo: dawa ile ile. Mama alikuwa akila zote mbili siku anazojisikia vibaya, kisha anapata kizunguzungu, kisha anaacha kabisa wiki nzima. Wenzangu mlio nje, jambo hili tunalifanya kwa mapenzi, na ni la hatari. Msitume vidonge kabla ya kumwambia anayemtibu mzee wenu. Tumeni fedha anunue alichoandikiwa.

Asubuhi nikaiweka mashine barazani. Nilikusudia kumpima mama peke yake. Ikafika saa tatu, baraza limejaa kama kuna hitima. Nikawakalisha wote kwanza dakika tano, migongo imeegemea ukuta, miguu chini, hakuna kuzungumza. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Jirani yetu mmoja, bibi aliyetoka kuchanja kuni, alisoma 204 kwa 116. Nikampumzisha, nikapima mkono wa pili, namba zile zile. "Mimi mzima," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima kweli. Siku hiyo hiyo mwanawe alimpeleka hospitali.

Kabla sijaondoka, nilimfundisha binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, kufunga mkanda vizuri: usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya kanga, mara mbili kisha aandike. Nauli ya kliniki nimeitenga kila mwezi na haiguswi hata kwa harusi. Miaka yote nilikuwa natuma fedha za bati na saruji. Nauli ya gari haikuwahi kunijia akilini. Na mama sasa huenda pamoja na yule bibi, siku moja, gari moja, wanapiga soga njia nzima.

Lililobaki ni chumvi. Inashauriwa isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo umehesabu kila kitu. Mwambie hayo mtu aliyekulia kwenye ng'onda.

Kila Ijumaa napokea picha ya ukurasa wa daftari. Wiki iliyopita ulisoma 138 kwa 84, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto: "Bibi anasema asikufiche, jana alikula papa, lakini kidogo."