Kutoka Jamia hadi Kangemi: Njiani Tukipita Ufungamano

Mgeni atokaye Pwani akifika katikati ya Nairobi, aghalabu macho yake hutafuta kwanza kuba za Msikiti wa Jamia. Kuba tatu na minara miwili vimesimama hapo Mtaa wa Banda tangu jengo lilipokamilika mwaka 1933, baada ya kazi ya miaka minane. Pembeni yake ipo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo hadi kukaribia uhuru haikumruhusu Mwafrika kuingia kusoma. Msikiti ulikuwa wazi kwa kila aswaliye. Maktaba ilichagua rangi ya msomaji. Leo wanafunzi wa dini zote huketi humo pamoja, na adhana ya adhuhuri huwafikia vitabuni mwao.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, nilifuata Mtaa wa Muindi Mbingu hadi University Way. Akina mama wenzangu wanaoijua Nairobi kwa maduka ya Eastleigh tu wangeshangaa kuona ni nyumba ngapi za ibada zilizokusanyika katika mwendo huu mfupi. Lipo kanisa la Kikatoliki la wanachuo. Lipo sinagogi la Mayahudi, nyuma ya ua na walinzi. Na ng'ambo ya Uhuru Highway, ukishapita chini ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, wapo Wapresbiteri wa Mtakatifu Andrea na Walutheri. Hapo ndipo Barabara ya Ikulu inapoanza kupanda kilima, na hapo ndipo ilipo nyumba niliyoikusudia.

Nyumba yenyewe si ya kuvutia macho. Ni mali ya makanisa, iliyowekwa kwa ajili ya wanafunzi Wakristo, na ukumbi wake hukodishwa kwa mikutano. Jina lake ni Ufungamano. Desemba 1999, Serikali na vyama vya siasa viliposhindwa kuafikiana juu ya nani aongoze kazi ya kuandika katiba mpya, na Bunge likataka kuishika kazi hiyo peke yake, ni humo walimokutana Baraza Kuu la Waislamu, SUPKEM, maaskofu wa Kikatoliki, makanisa ya Kiprotestanti na Baraza la Wahindu. Walikataa katiba iwe mali ya wanasiasa. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wameunda tume yao wenyewe, Tume ya Wananchi, chini ya Dakta Oki Ooko Ombaka. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuiongoza tume ya Serikali, hakukubali kuapishwa mpaka pande mbili hizi ziunganishwe, na mwaka 2001 zikaungana. Ghai alipojiuzulu mwaka 2004, kiti chake kikakaliwa na mwanasheria Mwislamu, Bi Abida Ali-Aroni. Sijui kwa nini habari hii hatuwasimulii binti zetu mara kwa mara.

Msomaji wa sira hatauona mkutano wa namna hiyo kuwa jambo geni. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria Makka, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, mapatano ya Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa haki yake, na waliokutana waliapa kusimama na kila aliyeonewa mpaka arudishiwe chake. Wengi wao walikuwa washirikina. Hata hivyo, baada ya Uislamu, Mtume aliyakumbuka mapatano yale kwa fahari na akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika. Hakuna aliyemtaka mwenzake aache itikadi yake pale. Walichokubaliana ni kwamba mtu asidhulumiwe.

Lakini tusiipambe Ufungamano kupita kiasi. Umoja ule ulipasuka, na uliopasukia ni jambo letu. Katika mkutano wa Bomas wa mwaka 2003, viongozi wengi wa makanisa walipinga Mahakama ya Kadhi kuwekwa katika katiba. Kwetu sisi mahakama hiyo ilikuwa ahadi: mnamo Oktoba 1963, ukanda wa Pwani ulipoingia Kenya, Jomo Kenyatta aliwahakikishia Zanzibar kwamba makadhi wataendelea. Kwao ilionekana kama dini moja kupewa upendeleo na dola. Kufikia kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, waliokaa meza moja mwaka 1999 walikuwa wakihubiri dhidi ya wenzao. Katiba ilipita, na kadhi akabaki. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kutofautiana. Walikuwa wameshikana mikono dhidi ya Serikali bila kuulizana kila mmoja anamwogopea mwenzake nini, na hofu isiyoulizwa haipungui kwa kushinda kura.

Kutoka hapo nilipanda matatu kuelekea magharibi. Westlands imejaa majengo marefu ya vioo, na Westgate, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, ina wateja kama soko lolote. Mwislamu hapiti pale bila uzito moyoni. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa humo na waliodai kututetea. Walionusurika walisimulia jinsi wauaji walivyowataka watu wathibitishe Uislamu wao, na jinsi Waislamu wengine walivyowanong'oneza majirani zao shahada ili waokoke. Waislamu nao walikuwamo katika waliouawa. Abdul Haji, ambaye sasa ni Seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake kuwatoa watu asiowajua. Na jirani, katika Kituo cha Oshwal cha Wajaini, watu ambao dini yao huwakataza hata kumdhuru mdudu, majeruhi walipokelewa na wakazi wa kila dini wakaleta chakula.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2015, Papa Francis alikutana na viongozi wa dini katika makazi ya balozi wa Vatikani, upande huu huu wa jiji, naye Profesa Abdulghafur El-Busaidy wa SUPKEM akazungumza. Siku iliyofuata Papa alikwenda Kangemi. Nami nilikuwa nakwenda huko huko, kumwona mama ninayemjua tangu alipokuwa akimletea dada yangu mboga Parklands. Ni mzaliwa wa Magharibi, muumini wa Kanisa la Marafiki, na kibanda chake kipo karibu na soko.

"Mama Salma," aliniambia huku akichambua mrenda, "mimi mwaka 2010 nilipiga La. Tuliambiwa kadhi atakuja kutuhukumu hata sisi."

Nikamwuliza kama amewahi kuitwa.

"Hata salamu hajanitumia!" Akacheka, nami nikacheka.

Nilimweleza kwamba Ibara ya 170 imemwekea kadhi mpaka: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, na hayo ni pale tu pande zote zinapokuwa Waislamu na kuridhia hukumu yake. Nikamweleza pia, kwa sababu si haki kumsifia mtu chako na kuficha kasoro zake, kwamba wapo wanawake kwetu wanaongoja matunzo miezi na miezi. Akaniuliza mjane mwenye watoto hurithi kiasi gani.

"Thumuni. Fungu moja katika manane."

"Ni kidogo hicho, Mama Salma." Akachambua tena, kisha mikono ikatulia. "Lakini mimi sikupata hata hicho."

Mumewe alipofariki, shamba la kijijini lilichukuliwa na shemeji zake. Wazee walimwambia avumilie, maana hana mtoto wa kiume. Hakujua kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya inamtambua mjane na inawatambua binti zake. Hoja zote nilizokuwa nimeziandaa kumtetea kadhi zilikosa kazi; aliyeketi mbele yangu alikuwa yule mfanyabiashara wa Yemen, na mali yake haijarudi.

FIDA, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa nchini mwaka 1985, kina ofisi Lavington, si mbali na Kangemi, na humsaidia mwanamke asiye na uwezo bila malipo na bila kumwuliza dini yake. Tumekubaliana kwenda Jumatatu asubuhi, inshallah. Yeye atafunga kibanda hadi adhuhuri, nami nimesogeza mbele tiketi yangu ya treni. Cheti cha kifo anacho, amekiweka chini ya godoro tangu siku ya mazishi. Barua ya chifu itabidi aifuate kijijini, na ameniomba nimtafutie nauli.