Nilifuata Maji ya Chumvi hadi Santa Clara

Kutoka Phoenix hadi Yuma ni mwendo wa saa tatu kwa gari, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Tuliipita Gila Bend, tukaipita Dateland na mitende yake, kisha jangwa likakatika ghafla. Mashamba ya saladi yalitanda pande zote mbili za barabara, mabichi kabisa, katika nchi ambayo mvua ni ya kusikia tu.

“Shemeji, hapa Wellton ndipo kesi ilipoanzia,” akaniambia shemeji yangu aliyekuwa akiendesha. Kesi yenyewe, ugomvi wa maji ya chumvi kati ya Marekani na Meksiko, nilikuwa nimeisoma kwa muda mrefu. Mahali pake ndipo nilikuwa sijapaona.

Mashamba haya hunyweshwa kwa mto Colorado. Ardhi ina chumvi ya kale, na kadiri watu walivyomwagilia, maji ya chini ya ardhi yalipanda yakaanza kuisonga mizizi. Mwaka 1961 wakulima wakaanza kuyavuta kwa pampu na kuyaachia mtoni. Ng’ambo ya mpaka, katika bonde la Mexicali, wenzao wakafungulia mashamba yao maji ya chumvi. Mkataba wa 1944 uliipa Meksiko takriban mita za ujazo bilioni 1.85 kila mwaka, lakini juu ya ubora wa maji hayo haukusema wazi. Ugomvi ukadumu hadi 1973, Marekani ilipokubali kwamba chumvi ya maji yanayofika Meksiko isizidi sana ile ya maji ya bwawa la Imperial. Mwaka uliofuata bunge la Marekani likaidhinisha kiwanda cha kuyasafisha maji ya mashamba, ili yarudishwe mtoni.

Kiwanda hicho tulikiona magharibi ya Yuma, kwa nje ya uzio: matangi mapana, mabomba, majengo ya serikali yasiyo na pilikapilika. Ndani yake maji husukumwa kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Kilikamilika mwaka 1992 kwa takriban dola milioni 250, kikafanya kazi kwa theluthi moja ya uwezo wake, na mapema 1993 mafuriko ya mto Gila yakaiharibu mifereji inayokilisha. Kikazimwa. Kiliwashwa kwa majaribio mwaka 2007, kisha tena kuanzia 2010 hadi 2011, halafu kikalazwa tena.

Wanaotaka kiwashwe wana hoja ya kweli, na sipendi kuipita kwa haraka. Maji ya mashamba ya Wellton sasa hupitishwa kwenye mfereji wa pembeni hadi Meksiko, zaidi ya mita za ujazo milioni 120 kwa mwaka wa kawaida, na hayahesabiwi katika deni la mkataba. Deni hilo hulipwa kwa maji mengine ya mto, yale ambayo yangebaki katika ziwa Mead. Mwaka 2022 ziwa hilo lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Mkulima tuliyemkuta Yuma alisema hawezi kuelewa kwa nini aambiwe apunguze maji ilhali mfereji mzima unapita karibu na shamba lake bila kuguswa. Nilimwelewa.

Tukavuka mpaka. Kule San Luis Río Colorado kuna daraja, na chini ya daraja kuna mchanga mtupu: Colorado, mto uliolichimba korongo kuu la Arizona, haufiki hapo kwa kawaida. Tukaendelea kusini hadi kijiji cha Ejido Johnson, ambako wanakijiji huwapeleka wageni kwa mitumbwi.

Mtumbwi ulipoingia kwenye matete ya kinamasi cha Santa Clara, nililishika pindo la ubao bila kusema neno. Matete yalitupita urefu. Yangeyange walikuwa pembezoni, mwari wakielea kwenye uwazi, na kutoka ndani kabisa kulisikika mlio wa ndege wa jamii ya kukuziwa anayelindwa na sheria kwa uchache wake. Hapa ndipo anapoishi kwa wingi kuliko popote. Nilichovya kidole, nikaonja. Ni yale yale maji ya Wellton. Tangu 1977 yamekuwa yakimwagwa hapa kama kitu cha kutupwa, na yameirudishia uhai sehemu ya delta ya Colorado iliyokuwa imekauka. Kiwanda kikiwashwa kwa nguvu zote, hapa yatafika maji machache, tena yenye chumvi kali iliyobaki baada ya kusafishwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiachwe kimelala. Na ikiwa ukame utalazimisha kiwashwe, kwanza yapatikane maji ya kufidia kinamasi. Jambo hilo linawezekana, maana lilikwisha fanyika: kwa jaribio la 2010, Marekani, Meksiko na mashirika ya kiraia waligawana mzigo, kila upande ukachangia theluthi ya mita za ujazo takriban milioni 37 zilizopelekwa Santa Clara. Mashirika yasiyo na mto wala bwawa yalipata fungu lake. Serikali mbili zenye mabwawa, mikataba na sahihi za mawaziri zinaweza kuliandika sharti hilo kabla mtu hajagusa swichi.