Dungu, Wavu na Nyuki: Kulinda Bustani Chini ya Shimba Hills

Bustani ya nyumbani katika vijiji vya Kwale vinavyopakana na msitu wa Shimba Hills ina walaji wengi kuliko wenyewe. Paa huja usiku au alfajiri kung'ata ncha za kunde, matembele na majani machanga ya muhogo. Nguruwe mwitu hufukua. Ngedere na nyani huingia mchana kweupe. Kabla ya kutafuta kinga, mwenye bustani husoma alama. Paa hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo jani alilolila hubaki limechanika. Shina lililokatwa mshazari, kama kwa wembe, ni kazi ya sungura. Nyani huvunja hindi, hulimenya, hula nusu na kulitupa ashike jingine. Kuzichanganya alama hizi ni hasara, maana kinachomzuia mmoja wao hakimshughulishi mwenzake.

Kwa waliokulia huko miaka ya 1960 na 1970, kinga ilikuwa mtu. Mahindi yalipoanza kubeba, lilijengwa dungu: nguzo nne, sakafu ya fito, makuti juu. Mchana walikaa watoto, kila mmoja na kombeo, rundo la mawe na debe tupu la mafuta ya taa la kugonga. Usiku walipanda watu wazima na kuwasha moto chini. Kazi hiyo ya kuamia ilitegemea ujirani kuliko silaha. Mashamba yalipakana, madungu yakasikilizana, na kundi la nyani lililofukuzwa upande mmoja lilikuta kelele upande wa pili, likakata tamaa na kurudi msituni. Dungu moja likikaa tupu, kijiji kizima kilijua, kwa kuwa hapo ndipo nyani walipopitia. Nao nyani walijua wa kumwogopa: mwanamume walimkimbia akiwa mbali, mtoto walimngoja mpaka ainuke na kombeo lake.

Bustani ya mboga nyuma ya jiko haikuwa na dungu. Ilizungushiwa minyaa, ambayo utomvu wake mweupe huunguza macho, au matawi ya miiba yaliyopangwa upya kila msimu. Ua wa namna hiyo hukaa na mianya chini, na paa ni mnyama wa kupenya zaidi kuliko wa kuruka. Hupita njia ileile kila usiku. Wazee waliacha pengo moja kwa makusudi na kutega kamba hapo. Paa aliyewahiwa na kisu akiwa hai alikuwa kitoweo. Nguruwe, katika nyumba ya Mdigo Mwislamu, hakuwa na faida yoyote ila kwamba hatarudi tena.

Tarehe 20 Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na marufuku hiyo ikauhusu hata mtego wa kwenye ua. Sheria hiyo ndiyo hulaumiwa zaidi barazani watu wanapozungumzia mboga zilizoliwa. Lawama hiyo imezidi kiasi. Mtego ulipunguza paa wachache; aliyelinda shamba alikuwa mtoto aliyeketi dunguni, na huyo aliondolewa na shule. Vijana walikuwa wameshaanza kushuka Mombasa na kwenye hoteli za Diani kutafuta kazi. Januari 2003 elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo, wadogo waliosalia nao wakaenda darasani. Ni vigumu kuliita jambo hilo msiba, lakini shamba halikupewa mlinzi mwingine.

Pengo hilo lilijazwa na vitu. Utepe wa kaseti ulifungwa kutoka mti hadi mti ili upepo uutoe mlio. Baadaye zikaja sidi kuukuu zilizoning'inizwa zimetemete juani. Sanamu ilivishwa shati lenye jasho la mwenyewe. Redio iliachwa ikisema usiku kucha. Vyote hivi hufanya kazi siku za mwanzo tu. Mnyama huogopa asichokielewa, na kitu kisichosogea wala kumdhuru hukizoea upesi, hata ndege akatua begani mwa sanamu. Anayevitumia kwa akili huvihamisha mara kwa mara na huvitoa matuta yanapolala bila kitu, ili visizoeleke kabla ya wakati wake. Harufu hudumu kidogo zaidi: samadi iliyokorogwa na pilipili na kupakwa pembezoni mwa tuta humrudisha paa alikotoka, mpaka mvua inyeshe.

Tembo ni shauri jingine. Uzio wa umeme ulijengwa pembeni mwa hifadhi ya Shimba Hills, nao hupiga kwa mapigo mafupi mafupi. Majani yakiota hadi kugusa waya, nguvu yake huvujia ardhini. Mwaka 2005 tembo 150 hivi walisombwa kwa malori kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki. Sagalla, kule Taita Taveta, wakulima wakishirikiana na mtafiti Lucy King wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, umbali wa mita 10 hivi kati ya mmoja na mwingine. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ngozi yake ni nene, ila pembeni mwa macho na ndani ya mkonga haistahimili kuumwa. Asali ni ya mwenye shamba. Paa hupita chini ya waya huo bila habari.

Kwa bustani ya mboga, kilichobaki kuwa na maana ni wavu. Pwani ulianza kama wavu wa uvuvi uliochakaa, ukafuatwa na wavu wa waya kwa aliyejaliwa fedha. Makosa ya kawaida ni kuujenga mrefu na kuuacha ukining'inia chini. Ukingo wa chini ndio unaozuia paa: hufukiwa udongoni au hukunjwa kuelekea nje na kukandamizwa kwa mawe. Mlango nao uwe na kizingiti, kwa sababu tundu linaloachwa hapo humtosha mnyama wa kimo cha paka mkubwa. Nguruwe huhitaji nguzo imara zaidi, na nyani hupanda wavu wowote. Kwa hiyo matuta ya mchicha, kunde na nyanya tu ndiyo huzungushiwa waya, na mahindi hupandwa nje yake. Yakianza kukauka ndevu, mtu mmoja wa nyumba bado huacha shughuli zake akakae nayo mchana kutwa mpaka yavunwe.