Karatasi Iliyotolewa Isinyang'anywe

Ndugu zetu walio kambini wananiuliza: je, serikali inaweza kumnyang'anya mgeni haki ya kukaa iliyokwisha kumpa? Sisi watu wa Kivu jibu tunalijua. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1960. Mwaka 1981, wakati wa Mobutu, sheria nyingine ikaufuta. Ugomvi wa mashamba ukapata silaha mpya: neno «mgeni». Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi. Mimi naona hivi: serikali ikaze masharti kwa anayeingia leo, ni haki yake. Lakini isirudi nyuma. Anayenyang'anywa karatasi leo, kesho ananyang'anywa shamba, na kesho kutwa sisi sote tunakimbia.