Baiskeli ya Watu

Baada ya hitima ya marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulifungua stoo ya nyuma ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ili tutoe vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigusa alipokuwa hai. Chini ya madumu na mikeka iliyoliwa na mchwa tuliikuta fremu ya baiskeli, ina foki yake na gurudumu la nyuma lisilo na tairi, imepakwa rangi ya kijani ile ile ya milango ya nyumba. Ndugu yangu mkubwa alitaka aitwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nikasema tuifufue, ipate kutundikwa ukumbini kwa kumbukumbu ya baba. Dada yetu akatunyamazisha sote wawili kwa swali moja: "Na kama ndiyo ile ya watu?"

Wasomaji wangu wataniwia radhi, hapa yataka maelezo. Baba alikuwa na baiskeli moja, Raleigh, aliyoinunua kabla ya kumuoa mama mwaka 1959. Rafiki yake alikuwa na nyingine, ambayo wazee waliiita Hamba, yaani Humber, aliyoinunua mwaka aliozaliwa dada yetu, 1962. Mwanzoni mwa miaka ya sabini rafiki huyo alihamia Oman na jamaa zake, akaiacha baiskeli kwa baba iwe amana mpaka atakaporudi. Hakurudi. Baba alizipaka zote mbili rangi moja ili kutu isiziingie, na baadaye, mambo yalipokuwa mazito, akamuuzia moja muuza mikate. Ni ipi aliyouza, ipi iliyobaki? Mama katika ugonjwa wake alirudia mara kwa mara kwamba humu ndani mna baiskeli ya watu, na zaidi ya hapo hakusema.

Basi haikuwa tena habari ya chuma. Ikiwa iliyobaki ni Raleigh, baba yetu, aliyetusomesha sisi na watoto wa mtaa mzima kuwa aya ya 58 ya Surat An-Nisaa imetuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe, aliiuza amana ya mwenzake. Ndugu yangu aliona ni afadhali tusichimbe. Mimi ndiye ninayeulizwa mambo haya msikitini kila wiki, sikuwa na pa kujificha.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Mwembe Tayari, ambaye amezifungua baiskeli hizi tangu ujana wake. Kwanza alitafuta nembo ya mbele, pale chini ya usukani, akakuta matundu tu. Kisha akatafuta sahani ya cheni, kwani waundaji wale walikuwa wakiitoboa kwa alama zao: Raleigh vichwa vya korongo, Rudge kiganja cha mkono, Humber vijitu vidogo vilivyojipanga duara. (Msinianzishie mjadala wa taswira, tafadhali.) Sahani haikuwapo. Akachukua kikombe cha kushikia mhimili wa pedeli, akajaribu kukifunga kwenye fremu. Kikaingia nusu mzunguko kikagoma. Akachukua kingine, kikaingia kama kidole kwenye pete yake. Akatueleza kwamba baiskeli nyingi za Kiingereza zina hesi 24 kwa inchi mahali hapo, lakini Raleigh walikuwa na zao, hesi 26. Mwisho akaigonga foki. "Hamba," alisema, "foki yake ni ya mirija minne, miwili myembamba kila upande. Hii ina mmoja mmoja. Shekhe, hii ni Raleigh."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeibeba fremu begani, na ndugu yangu hakusema neno njia nzima.

Hoja ya hesi niliweza kuijibu kwa kusoma. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ililinunua jina la baiskeli za Humber mwaka 1932, na tangu hapo zikawa zikiundwa na Raleigh kwa vipimo vyake. Kwa hiyo hesi 26 hazikuthibitisha lolote, ila kwamba fremu imetoka kwenye mikono ya Raleigh, nazo baiskeli zote mbili zilikuwa hivyo. Namba iliyogongwa kwenye fremu nayo haikunifikisha mbali. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, na watu hawa walikuwa na desturi nzuri ya kugonga tarehe kwenye ganda la habu. Mpwa wangu aliisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akamulika kwa simu, akasoma: AW, kisha 62, kisha 4. Yaani Aprili 1962. Nikafurahi, ndugu yangu akanikumbusha kwamba magurudumu hubadilishwa, na tarehe ya habu ni tarehe ya habu tu. Alisema kweli.

Ikabaki foki. Na juu ya foki nilikuwa na ushahidi ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, wala sikutaka kuutoa.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, jioni moja baba akiwa msikitini, niliitoa baiskeli mojawapo bila ruhusa nikateremka nayo kuelekea Bandari ya Kale. Breki zile za vyuma hazikushika. Niliupiga ukuta. Mpaka leo naiona ile foki ilivyosokoteka, mirija minne kama ukili uliosukwa vibaya. Niliirudisha gizani nikaiegemeza mahali pake. Baada ya siku chache nikaiona ina foki nyingine, na baba hakuniuliza kitu, si siku ile wala mpaka alipofariki. Miaka yote nilijiambia kwamba niliharibu cha baba, na cha baba ni cha nyumbani.

Nakiri kwamba nilijaribu kuipa rangi kazi ya kusema badala yangu. Kwa usiku mbili niliisugua fremu kwa msasa laini uliolowa maji, kidogo kidogo kama mtu anayemenya yai, kwa sababu aliyewahi kufufua vitu vya kale atakwambia kuwa msasa mkali hula na ushahidi. Chini ya kijani kulikuwa na kijivu, chini ya kijivu weusi wa kiwandani unaong'aa, na kwenye mrija wa kiti, usiku wa pili, zikachomoza herufi tatu za rangi ya dhahabu: H, U, M.

Dada alilia. Ndugu yangu alizitazama herufi kwa muda, kisha akauliza lililokuwa la haki kuulizwa: "Na foki?" Nikawaambia.

Kwa hiyo baba aliuza chake akakiweka cha watu. Na mimi, niliyekuwa nikihofia khiyana yake, ndiye niliyekitumia cha watu bila idhini nikakivunja. Na katika fiqhi utoto haufuti dhamana ya kilichoharibiwa. Yeye ndiye aliyegharimia foki ya pili wakati nyumbani tulikuwa tukila mkate kwa hesabu.

Mwenye baiskeli naye ameshatangulia. Kupitia jamaa tulimpata binti yake, yuko Maskati. Nilimpigia simu nikamweleza yote, pamoja na ule ukuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, kwa Kiswahili cha Mombasa kisichopungua kitu, kama kengele bado ipo. Nikamwambia haipo. Akasema atazungumza na ndugu zake kuhusu la kunisamehe, maana si haki yake peke yake, na kwamba kwa sasa tusiipake rangi yoyote.

Fremu imelala ukumbini juu ya kanga kuukuu ya mama. Tumeipaka mafuta mepesi ili kutu isizidi, herufi zile hatuzigusi. Fundi wa Mwembe Tayari ameahidi kunitafutia foki ya mirija minne, ya gurudumu la inchi 28.