Manyoya Marefu

Wahenga walisema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Nilipokuwa mtoto Kawangware, niliamini kuwa methali hiyo iliwahusu paka wa kwetu tu, maana paka wa Lavington, mwendo mfupi kwa miguu, alikula nyama ya mkebe. Mama alifua nguo katika nyumba moja huko, na kila asubuhi kabla ya kufua alimchana paka wa Kiajemi: uso bapa, pua fupi, macho yenye kutoka machozi, na manyoya marefu ambayo yasipochanwa hufanya mafundo.

Mwaka huo paka wetu, mwenye manyoya mafupi, alizaa watoto wanne. Mmoja wao, alipotimu miezi michache, alikuwa na mkia kama ufagio. Habari zikafika Lavington. Mwajiri, ambaye paka wake naye alikuwa amezaa, alitamka neno moja tu: "Paka wa namna hii hazaliwi Kawangware." Mama akafutwa kazi siku hiyohiyo, bila ujira wa mwezi.

Tulihamia Kibera, kijiji cha Lindi, kwenye chumba cha kodi nafuu, paka akiwa kikapuni. Matope yalimganda hata mama akamnyoa kwa makasi, kimya. Hata hivyo, aliwakamata panya sawa na nduguze.

Nilipojiunga na chuo kikuu, mwenzangu wa chumbani, msomi wa biolojia, alinifumbulia fumbo. Kila paka hurithi nakala mbili za jeni ya manyoya, moja kwa kila mzazi. Nakala ya manyoya mafupi, hata ikiwa moja, huificha ile ya manyoya marefu. Basi wazazi wawili wa manyoya mafupi, wote wakiwa wameibeba kwa siri, huweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu. Jeni hiyo, FGF5, ilitambuliwa na watafiti mwaka 2007. Tena manyoya hayo si mali ya Waajemi pekee: Angora wa Uturuki na Maine Coon wa Marekani wanayo, na nyuso zao si bapa. Paka wetu naye hakuwa na uso bapa. Laiti mwajiri angalimtazama usoni!

Jioni hiyo nilimpigia mama simu, nikamsomea shahada yote ya utetezi wake. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi nilijua alikozaliwa. Usiku ule ni mimi niliyemshikia mamaye taa."